Katibu Aliyekamatwa Akisikiliza Mlango wa Watu

Ukatibu wa jengo letu haugombewi, mtu huangukiwa nao. Mimi ulinidondokea nilipotoka kidogo kikaoni kupokea simu. Niliporudi nikakuta wapangaji wananipigia makofi, na makofi ya wapangaji hayajawahi kuwa ya bure.

"Hongera, Katibu," akasema mwenyekiti akinikabidhi faili. Lilikuwa zito, na lote lilikuwa la kesi moja.

Ghorofa ya tatu anakaa mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye watoto wa jengo wanamwita Mzee Daftari. Juu yake, ghorofa ya nne, yuko Mama Pacha na wanawe wawili, miguu minne inayofanya kazi ya ishirini. Kila usiku, watu wakishatulia, unasikika mlio: goh! Goh-goh-goh! Kisha kimya. Usingizi ukianza kukurudia, goh tena. Mzee aliapa kwamba mlio unatoka darini kwake, yaani sakafuni kwa Mama Pacha. Mama Pacha naye akaapa kwamba unatoka sakafuni kwake, yaani darini kwa Mzee, ambaye anagonga makusudi kwa mpini wa ufagio.

Hilo la ufagio lilikuwa kweli, ila ufagio ulikuwa ni jibu. Mzee akisikia goh, anaamka, anapanda stuli, anatwanga dari mara tatu. Mama Pacha naye anatoka kitandani, anavaa viatu vya kisigino juu ya gauni lake la kulalia, anamjibu kwa kutembea. Usiku mmoja dari lilichoka kuwa uwanja wa vita, likamwaga lipu yake yote kichwani kwa Mzee. Asubuhi alinigongea mlango akiwa mweupe hadi kwenye nyusi. Nikampa shikamoo na pole ya msiba, maana nilidhani mvi zile zote zimeota kwa usiku mmoja wa majonzi.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Bado."

Daftari lake nalo si mchezo. Lina safu ya saa, safu ya aina ya mlio na safu ya mtuhumiwa. Safu ya mtuhumiwa alikwisha kuijaza hadi ukurasa wa mwisho, ili kuokoa muda.

Nikaitisha kikao cha upatanisho. Mzee alikuja na karatasi, akasoma kwa sauti ya darasani kwamba mwaka 2009 ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilipendekeza wastani wa kelele za usiku, zikipimwa nje ya nyumba, usizidi desibeli 40.

"Nje ya nyumba?" akadakia Mama Pacha. "Si akalale huko nje, basi!"

Hapo wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimepakua kwenye simu programu ya kupima kelele, nikaona nifanye sayansi. Simu si kipimo cha mahakamani, lakini kwa kikao cha ngazini ilitosha. Mama Pacha peke yake: kama 70. Mzee peke yake: 70. Wakisema pamoja: 73.

"Sabini na sabini ni mia na arobaini!" akafoka Mama Pacha. "Hata simu ya Katibu inampendelea!"

Mzee akanyamaza. Macho yakamwaka. "Logariti," akanong'ona, kama mtu aliyekutana na mchumba wa ujana wake. Akasahau kesi, akaanza kutufundisha: desibeli hazijumlishwi kama maembe, nguvu ya sauti ikiwa maradufu, kipimo kinapanda tatu tu, ikiwa mara kumi, kinapanda kumi. Alifundisha hadi wale pacha wakasinzia sakafuni. Ni mara ya pekee niliyowahi kuwaona wametulia, na mpaka leo nashauri wazazi wa jengo letu wajaribu logariti. Mimi nilichukua hesabu hiyo nikaipeleka kwenye upatanisho: ikiwa mkigombana wawili mnaongeza tatu tu, basi mmoja wenu akinyamaza hatupotezi kitu. Kila mmoja alikubali kabisa, akamwangalia mwenzake anyamaze.

Kilichobaki ni kuutafuta mlio wenyewe. Kelele za nyumba ya ghorofa ni za namna mbili. Ipo inayopita hewani, kama redio na ugomvi wa mke na mume. Hiyo ukifunga dirisha inapungua. Ipo inayogonga ikasafiri ndani ya zege na mabomba, na hii ndiyo tapeli. Hewani sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, lakini kwenye chuma inafika karibu mita 5,000. Inatambaa jengo zima na kutokeza popote inapotaka, ndiyo maana huyu aliisikia darini na yule sakafuni, na wote wawili wakawa mashahidi wa kweli wa jambo la uongo.

Usiku huo nikatoka na glasi. Glasi ukiikandamiza ukutani na kuiwekea sikio, unasikia mengi ambayo hukuyaomba. Bukta ya kulalia, kifua wazi, pekupeku ili nisiongeze kesi nyingine. Nikalifuata bomba la maji kwenye korido: ghorofa ya tatu, goh kwa mbali, ya nne, goh karibu, ya tano, goh kubwa kabisa. Bomba likapinda likaingia nyumba ya kijana wa zamu za usiku, mpangaji mpole kuliko wote, ambaye faili halijawahi kumtaja. Nikapiga magoti, nikaweka glasi mlangoni.

"Habari za usiku?" sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa yeye, mwenye mlango. Siku hiyo walikuwa wameruhusiwa mapema.

"Nzuri," nikamjibu, glasi ikiwa bado sikioni. "Nasikiliza mabomba."

"Ya nani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Yeye akapiga kelele, mimi nikapiga kelele kumsihi asipige kelele, na milango ikaanza kufunguka. Mzee akapanda na ufagio. Mama Pacha akapanda na viatu vyake, safari hii mkononi.

"Nilimshuku tangu zamani," akasema Mzee.

"Hata mimi, baba," akasema Mama Pacha. "Macho yake tu!"

Tangu jengo lijengwe, hayo ndiyo mapatano yao ya kwanza.

Kilichoniokoa ni choo. Goh! Goh-goh-goh! Mlango haujafunguliwa bado, nyumba haina mtu, sote tumesimama nje. Kijana akafungua, tukaingia msafara mzima hadi msalani, tukainua kifuniko cha tangi la maji. Boya, lile mafundi wanaloita floti, lilikuwa linatetemeka.

Kesho yake fundi bomba alitueleza. Mpira wa chini ya tangi umechakaa, maji yanavuja kidogo kidogo chooni. Yakipungua, floti inashuka na kufungulia mengine. Vali nayo imekufa, inafunga na kufungua kwa pupa, na maji yanayokimbia yakizuiwa ghafla yanarudisha kishindo ndani ya bomba. Usiku, koki za jengo zikiwa zimefungwa, msukumo wa maji unapanda na kishindo kinakua. Halafu vibano vya bomba vilikuwa vimeng'oka, kwa hiyo kila kishindo bomba linapiga zege. Akabadilisha mpira na vali, akakaza vibano, akapunguza msukumo kwenye koki kuu. Goh ikafa.

Mama Pacha alidai aombwe radhi. Mzee alisema mwalimu haombi radhi, anafanya masahihisho. Akakaa jioni nzima na kalamu nyekundu, akakata safu yote ya mtuhumiwa, mstari kwa mstari, huku Mama Pacha amesimama pembeni akimwonyesha aliyoruka. Katika kukata huko wakaanza kucheka, na katika kucheka huko Mzee akatoa karata.

Sasa wanacheza kila usiku, nyumbani kwa Mzee, na kijana wa zamu huungana nao siku zake za mapumziko. Mama Pacha akishinda anaibamiza karata mezani kwa nguvu zote, na meza inaruka. Pacha nao hupewa ruhusa ya kushangilia. Mimi nakaa ghorofa ya pili, chini yao kabisa.

Juzi nilivumilia hadi usiku wa manane, nikapanda, nikagonga. Mzee akafungua kidogo tu, karata amezificha mgongoni.

"Shikamoo, Mzee. Kuna mlio unatoka darini kwangu."

Akatega sikio kwa heshima zote. Ndani kukawa kimya, isipokuwa mtu mmoja anayejizuia kucheka.

"Mabomba hayo, Katibu," akasema. "Chukua glasi yako ukayafuatilie."