Lifungue gari kabla ya kuchaji betri

Kuna jambo wenzangu wa magari ya rimoti hawapendi kulisikia, nami nitalisema hivyo hivyo: pesa zetu tunazimalizia kwenye mwendo, chaja tunainunua kwa chenji iliyobaki, na muda wote tunaupeleka mchangani usibaki hata kidogo wa mezani. Ndiyo maana karibu kila mtu ana betri iliyovimba aliyoiweka kabatini akisubiri sijui nini, na karibu kila mtu anamlaumu muuzaji. Muuzaji ana sehemu yake, nitamfikia. Ila betri nyingi ninazoonyeshwa zilianza kuumia kwenye ekseli za gari lenyewe, kabla hazijafika kwenye chaja.

Mota ya umeme ikilemewa haigomi. Inavuta ampia nyingi zaidi ili iendelee kuzunguka, na ampia hizo zinatoka kwenye betri ile ile. Beringi iliyojaa mchanga ni mzigo, gia zilizobanana ni mzigo, uzi uliojisokota nyuma ya tairi ni mzigo. Gari litakimbia tu, pengine macho hayataona tofauti, lakini mota inachemka na betri inatema umeme kuliko kawaida yake. Mchezo ukiisha unaichomoa ya moto, na kwa kuwa jua bado liko juu na vijana wanangoja, unaichomeka kwenye chaja na moto wake. Kwa hiyo mimi sihesabu kusafisha na kuchaji kuwa kazi mbili. Ni kazi moja yenye mpangilio: gari lifunguliwe, betri ipoe, ndipo umeme uingie.

Langu ni Traxxas Slash, ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Nalipenda kwa sababu sehemu kubwa yake inafunguka kwa alenki za milimita 2 na 2.5, pamoja na spana namba 7 ya nati za magurudumu. Hakuna kisingizio. Betri itoke kwanza, tena itoke kabisa, iwekwe kivulini juu ya sakafu wakati mikono yako ina shughuli nyingine. Kisha bodi, kisha magurudumu.

Utakachokuta nyuma ya tairi kinategemea unakokimbizia. Anayechezea kwenye barabara za vumbi atakuta unga mwekundu kila tundu. Wa Coco Beach atakuta mchanga na chumvi. Wa mtaani, kama wengi wetu, atakuta nywele. Ndiyo, nywele. Vipande vya rasta vinafagiliwa kutoka saluni hadi barabarani, ekseli inaviokota, vinajisokota kati ya gurudumu na beringi mpaka vinang'oa kifuniko cha beringi, na mchanga unapata mlango. Gari likianza kuvutia upande mmoja, kabla hujagusa trimu ya rimoti, kile kirekebishi cha kunyoosha mwelekeo, vua tairi utafute nywele. Wembe na kibano vinatosha, ila kata ukielekea nje ili usichane plastiki ya kitovu.

Uchafu uondoe ukiwa mkavu. Mswaki wa zamani, burashi ndogo ya rangi, basi. Wengi wanakimbilia bomba kwa sababu sanduku limeandikwa kwamba gari haliingii maji, na hapo ndipo wanapopotea. Maneno hayo yanahusu vifaa vya umeme, yaani mota, kipokezi na kile kidhibiti mwendo ambacho mafundi wanakiita ESC. Beringi hazimo. Ukiziosha na kuziacha zitashika kutu kama kawaida ya chuma. Mahali pekee ninapokubali maji ni baada ya ufukweni, kwa sababu chumvi ni mbaya kuliko maji. Suuza kwa maji baridi yasiyo na presha, kausha siku hiyo hiyo, tia mafuta siku hiyo hiyo. Ukisema utalishughulikia kesho, kesho utakuta skrubu zimeota kutu.

Kijana wa pancha ana upepo wa kutosha kusafisha gari zima, na wengi watakupulizia bure. Mshukuru, lakini shika beringi kwa kidole isizunguke. Upepo ule unaizungusha kwa kasi ambayo hutaifikisha barabarani, nayo haina mafuta wakati huo. Usielekeze bomba moja kwa moja kwenye beringi pia, maana unasukuma ndani mchanga uliokuja kuutoa.

Beringi za magurudumu ya gari hili ni za milimita 5 kwa 11 kwa 4, kipimo kinachotumika kwenye magari mengi ya rimoti, kwa hiyo mpya zinapatikana. Kabla ya kununua, jaribu kuziokoa. Kifuniko cha mpira kinanyanyuka kwa ncha ya sindano. Loweka kwenye spiriti, tikisa, futa, acha zikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila moja. Tone moja. Mafuta mengi yanavuja nje na kuvuta vumbi. Kuhusu lile kopo la WD-40 lililo kila nyumba yenye mwanamume anayejiita fundi: jina lenyewe lina asili ya kufukuza maji, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini inaosha pia grisi iliyokuwemo. Ipulize kutoa maji ukitaka, halafu tia mafuta ya kweli.

Na kuna mahali pa kutotia mafuta kabisa. Mikono ya sespensheni ni plastiki juu ya plastiki na inataka ukavu. Gia kubwa ya plastiki inayokutana na kigia cha mota nayo inataka ukavu. Grisi ikipata mchanga hapo inageuka msasa, inakula meno yote ndani ya muda mfupi. Difu imefungwa na ina kilainishi chake ndani, kwa hiyo iache mpaka siku utakapoifungua kwa makusudi.

Petroli na tina vikae mbali. Vinapasua bodi ile ya plastiki angavu na kuitia ukungu, na mota yenye brashi za kaboni hutoa cheche kila inapozunguka. Kuimwagia petroli kisha kuijaribu ni kutafuta habari ya gazetini. Hata spiriti iache iruke yote kwanza. Gundi ya skrubu, ile ya buluu, ni ya chuma kinachoingia kwenye chuma tu. Kwenye plastiki inaleta nyufa.

Ukirudisha gia, pitisha kipande cha karatasi ya daftari katikati ya meno ya mota na gia kubwa, sukuma mota ikutane nayo, kaza, kisha toa karatasi. Nafasi hiyo inatosha. Halafu zungusha kila gurudumu la mbele kwa kidole. Linalosimama mapema kuliko mwenzake lina jambo. Hapo tayari umefanya zaidi kwa ajili ya betri yako kuliko aliyenunua betri mpya. Kuhusu kupima joto la mota baada ya mchezo, msinunue vile vipimajoto vya kipaji vilivyobaki tangu enzi za Korona, vimetengenezwa kwa homa za binadamu na vinakwama mapema. Kipima joto cha fundi wa majokofu ndicho kinachofaa.

Sasa betri, ambayo kwa sasa imepoa.

Shida kubwa ninayoiona ni namba. Lipo, yaani betri ya lithiamu-polima, ikiwa ya seli mbili inaandikwa 2S na volti 7.4, maana kila seli ni 3.7 kwa jina. Ikijaa kila seli ni 4.2, jumla 8.4. Sasa itazame NiMH, betri ya nikeli, iliyokuja na Slash langu: seli saba za volti 1.2, jumla 8.4, na ndivyo ilivyoandikwa ubavuni. Namba ile ile kwa betri mbili zisizofanana hata kidogo. Kijana anaona 8.4 kwenye chaja, anaona 8.4 kwenye betri, anabonyeza.

Chaja ya NiMH inasukuma umeme ikingoja volti zipande halafu zishuke kidogo. Kushuka huko ndiko kunakoiambia kwamba betri imejaa. Lipo haina kushuka huko. Ukiiweka kwa mpangilio wa NiMH, chaja inangoja alama isiyokuja, seli zinapita 4.2, gesi inajaa ndani ya mfuko, na kinachofuata ni moto. Kosa la upande wa pili lipo ndani ya gari: ESC nyingi zina mpangilio wa lipo na wa NiMH, nyingine kwa kitufe, nyingine kama Hobbywing QuicRun 1060 kwa kipini kidogo cha kuhamisha. Lipo ikikimbia kwa mpangilio wa NiMH hakuna wa kuikatia umeme wakati seli zinashuka chini ya volti 3, na seli iliyoshuka hivyo haiaminiki tena hata ikikubali kuchajiwa.

Ndiyo maana nasema chaja iwe kitu cha kwanza kununua, na iwe bora kuliko mota. Nataka chaja inayonionyesha volti za kila seli kupitia ule waya mwembamba wenye soketi nyeupe, inayozisawazisha, na inayoniruhusu kuchagua ampia. Kanuni ya ampia ni rahisi: chukua mAh, yaani ujazo ulioandikwa kwenye betri, ugawanye kwa elfu moja. Betri ya 5000 ni ampia 5, ya 2200 ni 2.2, na ukipunguza hakuna dhambi. Vile viwaya vya USB vyenye taa moja vinavyokuja ndani ya boksi vinachaji polepole, sivipigi marufuku, ila havikuambii chochote. Seli moja ikibaki nyuma utajua imeshavimba. Hapa ndipo muuzaji anapobeba lawama yake. Anakusifia kilomita kwa saa, hakuulizi utachajia nini. Akikuuzia SkyRC iMAX B6 uwe macho, kwani chaja hiyo imeigwa mno, sanduku linafanana na vipimo vya ndani huenda visifanane. Linganisha volti zake na mita ya fundi kabla hujaiamini. Uzuri wa B6 ni kwamba inakubali pia umeme wa betri ya gari, volti 11 hadi 18, hivyo mwenye sola nyumbani hana haja ya kusubiri umeme urudi.

Umeme ukikatika katikati ya kuchaji, chomoa kila kitu. Ukirudi mara nyingi unarudi kwa kishindo, na chaja za bei ndogo hazikumbuki zilikuwa zinafanya nini. Anza upya ukiwa umesimama hapo. Kuchaji usiku umelala sikubaliani nako kwa hali yoyote, na hoja ya "simu mbona tunachaji usiku" hainishawishi: simu ina ulinzi wake ndani, pakiti ya lipo ya gari kwa kawaida haina ulinzi wowote, inategemea chaja na macho yako.

Jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalisemi, kwa sababu aliyeyaandika hajaona nyumba zetu: madirisha yetu yana nondo. Nyumba nyingi zina mlango mmoja wa kutokea. Soketi iliyo huru mara nyingi iko ukumbini, karibu na mlango huo huo, na hapo ndipo betri inapowekwa, juu ya kochi au zulia. Ikishika moto wewe na watoto mko upande wa ndani. Chajia kwenye sakafu ya saruji au vigae, barazani ikiwezekana, mbali na pazia, godoro na neti, ndani ya chungu cha udongo kisichofunikwa kwa kubana, na ndoo ya mchanga mkavu kando. Ikianza kutoa moshi, usiuvute na usiishike betri. Zima swichi kama unaifikia salama, watoe watu, na kwa Tanzania zimamoto ni 114.

Kwa mtoto, au kwa mtu mzima asiyetaka haya yote, nasema wazi: nunua NiMH. Vijana wa lipo watakucheka. Gari litakuwa zito kidogo, mwendo utapungua, na betri itajimalizia umeme ikikaa. Lakini inasamehe mengi, na mtoto wa miaka minane hajali kama rafiki yake anafika kona sekunde moja mapema.

Mengine kwa kifupi. Lipo isiyotumika ikae karibu na volti 3.8 kwa seli, isijae wala isiishe, na isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Unaowaagiza wakuletee kutoka Dubai au Guangzhou waambie wabebe betri kwenye begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, si kwenye mzigo wa chini. 2S ya 5000 ni wati-saa 37, na kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni 100.

Ile iliyovimba kabatini, itoe leo. Usiitoboe kutoa gesi, kuna watu wanafanya hivyo. Usiichaji "kujaribu". Usiitupe kwenye taka, kwa sababu taka zetu zinaishia kuchomwa uani au jalalani. Imalize umeme polepole nje ya nyumba kwa balbu ya gari ya volti 12 mpaka balbu izime kabisa, funga ncha zake kwa utepe wa fundi umeme, iweke nje kwenye kopo la bati lenye mchanga, kisha ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Walio Nairobi wana WEEE Centre.