Mirathi ya Diski

Nyumbani kwetu kompyuta ni moja, ya mezani, na kila mtu ana madai juu yake. Diski ilipojaa nikanunua ya pili, terabaiti moja, nikafungua kava, nikachomeka kebo ya data na ya umeme, nikakaza skrubu. Hapo hapakuwa na neno. Balaa lilikuja kwenye kugawa, maana niligawa ukoo mzima ukiwa umenisimamia mgongoni.

Kwanza Windows haikuionyesha. "Umeuziwa kopo," Baba akasema. Nikamweleza kwamba diski mpya ni lazima kwanza uianzishe. Kompyuta ikauliza mgawanyo wa diski uandikwe kwa mtindo upi: MBR au GPT? MBR ina nafasi ya patisheni kuu, yaani mafungu ya diski, nne tu, nasi wadai tulikuwa watano. Nikachagua GPT.

Zikatokea gigabaiti 931.

"Na zile 69?" Baba aliwahi kuwa mweka hazina wa ushirika, hesabu haimpiti hivi hivi. Nikamwambia kiwanda kinahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024, mzigo ni ule ule. "Hata muuza sukari husema mizani ndiyo tofauti," akajibu, akaomba risiti aiweke mfukoni.

Tukafika kwenye herufi ya kuitia kila fungu. C na D zilishakuwa na wenyewe, hivyo ya kwanza ikajiita E.

"Mimi mwenye nyumba niwe E? Huyo C ni nani?"

"Ni Windows, Baba."

"Amehamia hapa lini?"

Nikakumbuka kwamba A na B ziliachiwa diski za flopi, na flopi zilishajifia zamani. Baba akachukua A na gigabaiti 400. Mama, aliyekuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua macho: "Mimi niwekee M. Hamsini zinatosha, za mahesabu ya kikoba."

Kwenye kufomati, yaani kuliandaa fungu la Baba lipokee mafaili, nikaweka tiki ya njia ya haraka.

"Itoe hiyo. Haraka haraka haina baraka."

Nikajitetea: ya haraka inaandaa tu orodha mpya ya mafaili; ile ndefu inapita diski yote ikijaza sifuri na kukagua sehemu mbovu.

"Ndiyo ninayoitaka. Ikaguliwe."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya skrini kama mlinzi wa benki. Asilimia 20. Asilimia 57. Chai ikaletwa, ikapoa. Ilipofika 97, giza. Feni ikazunguka kidogo kwa uvivu, ikasimama.

"Uniti za LUKU si nilikwambia tangu mchana?" sauti ya Mama ikatoka jikoni.

Kimya. Kisha Baba: "Tisini na saba si imekwisha hiyo? Tatu ni kitu gani?" Mtu huyu bado ana risiti ya zile 69 mfukoni.

Umeme uliponunuliwa, A ikaonekana imeandikwa RAW, yaani mbichi, haijaandaliwa, haifunguki. Baba akatazama ukutani. "Iwekee ile ya haraka." Sekunde chache, kwisha. Jina akalitaja mwenyewe, kwa herufi kubwa: MALI YA BABA MSIGUSE.

Kisha akachungulia ya Mama. "Kwa nini yeye ni M?"

"M ya Mama."

Akafikiri. "Kumbe ningeweza kuwa B?"

"Ungeweza, Baba," mdogo wangu akadakia, "lakini B ni wa pili."

"Basi iache."