Mbio Zimeisha Nyuma ya Gari la Usalama

Hapana jamani, hii haivumiliki. Saa moja na nusu watu tumebana pumzi tukitazama langalanga, yaani Formula 1, wa pili yuko nusu sekunde nyuma ya wa kwanza, tairi zake mpya, imebaki mizunguko mitano, halafu bwana mmoja wa nafasi ya 17, ambaye hata jina lake mtangazaji alikuwa hajalitaja tangu asubuhi, anakwenda kuegesha kwenye changarawe. Bendera ya njano. Linatoka gari la usalama, lile ambalo hakuna ruhusa kulipita, taa zinamulika juu ya paa, linaongoza magari ya mamilioni ya dola kwa mwendo wa msafara wa harusi hadi kwenye mstari wa mwisho. Mshindi anapanda jukwaani, anamwaga shampeni. Kashinda nini? Kashinda foleni.

Na mtu asitusomee sheria, sheria tunazijua. Kwenye langalanga mizunguko nyuma ya gari la usalama inahesabiwa kama mizunguko mingine, nyongeza hakuna. NASCAR, wale wa Marekani, wao huongeza, wanatoa mizunguko miwili ya mwisho ili mbio zimalizike kwa kasi, na kwa kuwa kila mtu anajua ni miwili tu, wanafika kona ya kwanza wote kwa pamoja, wanarundikana, inabidi iongezwe tena miwili. Kwa hiyo uchague: foleni au chuma chakavu.

Tena tuseme tumebahatika. Uwanja wa Spa, Ubelgiji, mwaka 2021 watu walikaa kwenye mvua zaidi ya saa tatu, magari yakatoka, yakazunguka nyuma ya gari la usalama bila mtu kupita mtu, yakarudi ndani, zikagawiwa nusu ya pointi. Ndipo wakubwa wakakaa na kuona kumbe ili mtu apewe pointi, ingefaa kuwe na walau mizunguko miwili ya kushindana kweli. Wakaiandika sheria hiyo. Watu wenye digrii hao.

Na siku za namna hii hakosi yule anayepita nyuma ya kochi, kikombe mkononi, anasimama, anatazama kidogo kwa huruma, kisha anauliza: "Sasa hawa wanakwenda wapi?"

Hawaendi popote, shemeji. Wanazunguka.

Ukitaka wanaokwenda mahali, tazama rali. Kule angalau kuna msoma ramani, yule mtu jasiri kuliko wote kwenye michezo, anayesoma daftari kichwa kimeinama huku gari liko hewani. Tatizo la rali ni kuitazama ukiwa pale pale. Safari Rally imeanza mwaka 1953, ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, na miaka yote hiyo vumbi halijabadilika: unaona gari sekunde sita, unabaki na wingu dakika mbili, likitulia ndiyo la pili linaingia. Tafuta kingo ya juu upande upepo unakotoka. Na nje ya kona usisimame hata kama ndugu wote wako huko wanakupungia mkono, kwa sababu gari likikosa kona huenda nje, na kingine cha kulizuia hakuna ila wewe.

Mbio za saa 24 za Le Mans ni tamu, ila zinahitaji likizo. Na ubaya wake ni kwamba hata ukikesha unaweza kulipwa machozi. Mwaka 2016 Toyota iliongoza mpaka zikabaki dakika chache tu, kiungo cha bomba la hewa ya turbo kikaleta matatizo, gari likasimama mbele ya jukwaa kuu, Porsche wakapita. Saa 24! Kwa kiungo cha bomba! Mbio za Monaco, zinazopita kando ya bandari, ni nzuri kwa wanaopenda kutazama maboti. Zilizobaki za kweli ni MotoGP: dakika 40 na ushei, kukiwa kukavu hakuna kuingia ndani kubadili tairi, mtu analaza pikipiki zaidi ya nyuzi 60 hadi kiwiko kinakwaruza lami, na ukienda jikoni umeshapitwa na mambo matatu. Hapo sina malalamiko, nayatafuta bado.

Basi mtu mwenye akili timamu hufika mahali akasema: nimechoka kutazama, kuna siku za wazi za kukimbiza gari uwanjani, unalipa ada, unakwenda na gari lako la kila siku, nami niitwe dereva. Heshima kamili. Glovu mpya. Unafika alfajiri, unajipanga kwenye mstari, unashuka ukijinyoosha.

Hapo ndipo unapokutana na mkaguzi.

Mkaguzi wa magari ana sura moja dunia nzima: mtu wa makamo, ovaroli safi isiyoelezeka, kalamu sikioni, tochi ndogo, na utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na yeyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua boneti."

Unafungua kwa madaha. Kuna chujio jipya la hewa pale, linang'aa, lilinunuliwa ili lionekane. Halioni. Anaishika betri kwa mikono miwili, anaitikisa. Inamwitikia.

"Hii umeifunga na nini?"

"Mpira, mzee. Wa tyubu ya baiskeli. Umevutwa vizuri."

"Mpira wa kufungia mzigo. Hiki ni chuma na asidi, kilo kumi na kitu. Gari likilala kichwa chini, mpira utasema nini?" Anaandika. "Na ncha chanya iko wazi. Ikigusa boneti ni cheche. Ifunike."

Anafungua kikopo cha mafuta ya breki. Yamekuwa kahawia.

"Yamebadilishwa lini?"

"Gari liliponunuliwa yalikuwemo."

"Ndiyo maana nauliza."

Na hapa, kwa uchungu mkubwa, inabidi kukiri kwamba mzee yuko sahihi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji asilimia tatu na kitu, kiwango kinashuka hadi 155. Barabarani hutajua kamwe. Uwanjani, mizunguko minne ya kukaba breki kutoka kilomita 160 kwa saa, yanachemka, mabomba yanajaa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga, pedali inakwenda hadi sakafuni bila kipingamizi, nawe unabaki unaitazama kona inavyokuja kukusalimia.

Jeki. Anashika gurudumu juu na chini, saa sita kamili, anasukuma na kuvuta. *Tok.*

"Umesikia?"

"Sijasikia, mzee."

*Tok.* "Mimi nimesikia." Anahamisha mikono kulia na kushoto, anatikisa tena. Kimya. "Kushoto kulia kungekuwa na mchezo ningesema tairodi. Huu wa juu na chini ni beringi au boli jointi. Na nati ni nne, naona tatu."

"Ya nne iko mfukoni."

Hacheki. Anapokea, anaifunga kwa mkono kwanza ili isipande vibaya kwenye uzi, kisha anasubiri gari lishuke chini ndipo akaze kwa spana ya kipimo, kwa mkingamo, hii halafu ya upande wa pili. Si ule mtindo wetu wa kurukia spana kwa mguu. Kwenye magari madogo mengi ni nyutoni mita 100 na kitu, kitabu cha gari kinasema, na baada ya kipindi cha kwanza, rimu zikishapoa, unapima tena, maana zikipata joto hujilegeza.

"Kofia."

Unampa kofia kwa fahari. Anavuta kitambaa cha ndani kama anatafuta chawa, anasoma stika.

"Snell M. Hii ya pikipiki."

"Kichwa si ni kilekile, mzee?"

"Kichwa kilekile. Moto siyo uleule."

Unabaki mdomo wazi kwa sababu hiyo nayo ni kweli. Wa pikipiki akianguka hutupwa mbali na tangi. Wa gari amefungwa mikanda mbele au nyuma ya petroli. Ndiyo maana kitambaa cha ndani cha kofia za gari, zenye alama SA, hupimwa kwa moto, na cha M hakipimwi. Anageukia mikanda. Anaisoma lebo.

"Muda umekwisha."

"Haijawahi kutumika hata siku moja!"

"Hongera, umeitunza. FIA, wakubwa wa mbio za magari duniani, wanaipa miaka mitano, itumike isitumike."

Anahamia ndani. Anatoa zulia la miguuni la dereva. Anatoa chupa ya maji. Anatoa kandambili moja, ya kushoto, anaiweka juu ya boneti, watu wote wanaiona. "Chupa ikiwa nyuma ya kiti, ukikanyaga breki inakuja mbele, inaingia chini ya pedali, na hutakanyaga tena." Anatoa tairi la spea. Anazunguka mbele ya gari, anainama, ananyooka.

"Ndoano ya kuvutia iko wapi?"

"Sitakwama, mzee."

Anakutazama. Muda mrefu. Nyuma yako kuna magari kumi na moja na hakuna anayepiga honi, wote wamezima injini wanasikiliza.

Basi mtu mzima aliyeondoka nyumbani na glovu anaanza kuzunguka eneo la maandalizi: "Kaka samahani, una bolti ya inchi nane?" "Dada, nikopeshe solotepu niandike namba mlangoni." Ajabu, wanakupa. Mtu ambaye saa mbili baadaye atakulaani kwa kumziba kona ya tatu anakukopesha kofia yake ya akiba na kukushikia tochi.

Kisha mafuta ya breki, lita moja ukiwa na tahadhari, na mtu wa kukanyaga. Magari mengi unaanza gurudumu lililo mbali kabisa na kikopo, unasogea karibu. Kanuni ni neno moja moja: "Kanyaga." "Nimekanyaga." Unafungua skrubu, yanatoka machafu na mapovu, unafunga. "Achia." Sasa huyu msaidizi wako, ambaye simu yake imeita, anaachia *kabla* hujafunga. Hewa imeingia. Anza upya. Mara ya tatu unasahau kuongeza kikoponi, kinakauka, hewa imeingia kutoka juu. Anza upya kabisa kabisa. Uwanjani kipindi cha kwanza kinaendelea, unawasikia wanapita.

Unapata stika ya kijani saa tano kasoro. Dakika 20 za kipindi, unatoka, tatu za kwanza ni kupasha tairi moto. Upepo wa tairi ulioujaza PSI 28 kwenye baridi utausoma 34 ukirudi, kwa hiyo usianze na ule wa safari ndefu, utakuwa unaogelea. Breki ikigoma, jua inagoma vipi: pedali ngumu lakini gari halisimami, hizo ni pedi zimeungua, punguza mwendo mzunguko mmoja zinarudi, pedali laini inazama, hayo ni mafuta yamechemka, ingia ndani, siku imekwisha. Bendera nyeusi yenye duara la chungwa pamoja na namba yako maana yake kuna kitu kinaning'inia au kinavuja, na kila mtu uwanjani anakijua isipokuwa wewe.

Ukiingia, handibreki usivute. Pedi za moto zikibana diski moja sehemu moja zinaacha alama, na wiki nzima pedali ya breki itakutetemekea. Weka gia, weka jiwe. Halafu anakuja msamaria mwema, anaona gari halina handibreki, anaivuta. Msamaria huyo yupo kila uwanja.

Gokati hata tusianze. Ekseli ya nyuma ni moja, difu ya kuyaachia magurudumu yazunguke tofauti hakuna, kwa hiyo kigari hakikunji kona mpaka gurudumu la ndani la nyuma linyanyuke, na kinachosaidia kulinyanyua ni uzito wako unaogongana na ukingo wa kiti. Kwa mbavu. Wanauza vesti za mbavu, na wanaokwambia huzihitaji wanakuwa wamezivaa.

Wengine wanasema nenda mbio za mstari mnyoofu, hizo hazina kona. Wataalamu wa Top Fuel, daraja la juu la mbio hizo, wanamaliza futi 1,000 chini ya sekunde nne, wanafungua parashuti, mambo yao mazuri. Sisi wa mikweche tunapelekwa kwenye mtindo wa kutabiri muda. Unaandika kioo cha dirisha: gari langu ni sekunde 15.20. Mwenzako kaandika 13.40. Wewe mwenye polepole unaachiwa kwanza, tofauti ile ile, sekunde 1.80, ili mkutane mwishoni. Haki tupu. Lakini kuna kipengele: ukikimbia haraka kuliko ulivyoandika, hata kwa elfu moja ya sekunde, umeshindwa, isipokuwa mwenzako naye kafanya kosa kubwa zaidi.

Hebu lifikirie hilo. Jua limezama, hewa imepoa na kuwa nzito, injini imepata pumzi ambayo mchana haikuwa nayo. Umeondoka vizuri, taa ya kijani, siyo nyekundu. Unamwona mwenzako kwenye kioo anakuja. Na wewe, uliyelipa ada, uliyebadili mafuta ya breki mara tatu, uliyevuliwa kandambili hadharani, mita ishirini kabla ya mstari *unakanyaga breki*. Kwenye mbio. Ili usiwahi.

Karatasi inatoka kwenye kibanda: 15.19.