Goli lililofutwa Fargo

Machi 27, 2021, mjini Fargo, timu ya chuo kikuu cha Minnesota Duluth walidhani wameshamaliza kazi. Walikuwa wametikisa nyavu za North Dakota, timu iliyopangwa namba moja kwenye mashindano ya taifa ya hoki ya barafuni ya vyuo vikuu Marekani, tena katika kipindi cha kwanza cha nyongeza, ambako goli moja humaliza mechi. Waamuzi wakaenda kwenye skrini kuangalia marudio ya video. Kumbe kulikuwa na kuotea: mshambuliaji alitangulia kuvuka mstari wa bluu, unaoanzia eneo la kushambulia, kabla ya paki, kile kidude bapa cha mpira mgumu kinachochezewa. Goli likafutwa. Mechi ikasogea hadi nyongeza ya tano, Luke Mylymok wa Duluth akafunga, 3-2, baada ya dakika 142 na sekunde 13, ndefu kuliko zote katika historia ya mashindano hayo. Wangefungwa, mashabiki wa Duluth wangekuwa wanailaani skrini ile hadi leo.

Wanaotetea video wana hoja nzito. Paki ina kipenyo cha sentimita 7.6 tu. Ikijipenyeza chini ya golikipa aliyelala, mwamuzi anaona migongo na magongo, basi. Kamera iliyo juu ya goli hujibu swali moja: imevuka mstari yote au haijavuka? Hapo sina ubishi, hata wakichukua dakika kumi.

Kuotea ni habari nyingine. Ndiyo, kanuni ni kanuni, na goli haramu halipaswi kumtoa mtu mashindanoni. Lakini sentimita mbili za kiatu, mbali kabisa na goli, mara nyingi hazimpi mshambuliaji faida yoyote. Waliowahi kuona VAR ikipima kwapa la straika wananielewa. Halafu NHL, ligi kuu ya kulipwa ya hoki Amerika Kaskazini, ina chumba chake maalumu Toronto kinachofuatilia kila mechi. Vyuoni, waamuzi walewale wa uwanjani ndio wanaoinamia skrini, na kamera za ukumbi mmoja si za ukumbi mwingine. Tukio lilelile laweza kuwa goli huku na lisiwe goli kule, kisa kamera imekaa vibaya.

Mimi ningeweka kikomo: kuotea kusipoonekana ndani ya dakika moja, uamuzi wa awali ubaki. Atakayeumia kwa dakika hiyo atalalamika, na atakuwa na haki ya kulalamika. Bado naona ni nafuu kuliko kufuta goli kwa picha yenye ukungu.