Afya Iko Kibuye, Sahani Iko Mbali

Siku hizi kila mwenye mdomo ni mshauri wa lishe. Kula samaki, kula mboga za majani, kula nafaka isiyokobolewa, punguza sukari. Sawa. Sasa njoo Kisumu na shilingi 300 za kulisha watu watano kutwa nzima, halafu tuketi tuongee kama watu wazima. Samaki tunamjua, ziwa ni lile pale. Lakini mbuta, yule sangara mkubwa, akishafika nchi kavu, anakwenda kiwandani, na kutoka kiwandani minofu inapanda ndege, nasi tunabakiziwa mgongo wazi: kichwa, mkia, na mifupa iliyoficha nyama kama siri ya ukoo. Unaichokonoa kwa ncha za vidole kama fundi wa saa. Ni tamu, hilo sibishi. Ila baada ya nusu saa ya kazi unasimama na njaa uliyokaa nayo.

Kinachochoma roho zaidi ni kwamba chakula cha afya kipo, na si ghali. Omena (dagaa wa ziwani), kunde, managu (mnavu), maharagwe, mtama, vyote vimejaa sokoni Kibuye. Vinapotelea njiani kabla ya kufika sahanini, na njia yenyewe ina wezi wengi, baadhi yao tunalala nao nyumba moja.

Wa kwanza ni gorogoro. Huu ni mkebe wa mafuta ya kupikia uliostaafu, na kwa heshima ya asili yake unapaswa kutoa karibu kilo mbili za mahindi. Sasa angalia kitako chake. Kimegongwa kwa nje mpaka ndani kumeota kilima. Kabla hujauliza bei, tia mkono: kiganja kikikuta tambarare, endelea, kikikuta Mlima Elgon, hama meza. Halafu yuko muuzaji anayemimina maharagwe polepole, kama anayelaza mtoto, ili hewa ibaki katikati. Mwombe atikise mkebe, agonge ubavuni mara mbili, ndipo ajazie kilele. Atakutazama vibaya. "Omera, unataka kunimaliza?" Mjibu ndiyo, kidogo.

Omena nayo ni mtihani wa peke yake. Inayofaa ina rangi ya fedha, imekauka mpaka inavunjika ukiikunja. Ikiwa imegeuka kahawia na inanuka mafuta yaliyochacha, hiyo ilinyeshewa ikiwa juani, na hata ikiuzwa bei ya kutupa, waachie kuku. Chota kutoka chini ya gunia, maana juu wameweka sura ya kuvutia wateja, kisha tazama kinachobaki kiganjani. Iliyoanikwa juu ya wavu huacha vumbi la magamba tu. Iliyoanikwa chini huacha kokoto za kutosha kupiga lipu choo. Ukisubiri Aprili hadi Julai, miezi ambayo uvuvi wake hufungwa ili izaane, utaikuta imepanda bei na imeshuka ubora. Inunue Machi, ianike tena siku moja ya jua kali, ifunge kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko.

Kuiosha ndiko tunakokosea. Watu humwaga maji na omena kwa pamoja kwenye chujio. Mchanga uliokuwa umelala chini unaamka, unarudi juu ya samaki, jioni baba mwenye nyumba anatafuna barabara ya Kondele. Iloweke kwenye maji ya moto dakika tano, si nusu saa, la sivyo inapondeka. Kisha iinue kwa mikono uihamishie beseni jingine, maji na mchanga uviache vilipo. Rudia mara tatu au nne mpaka kitako cha beseni kiwe safi. Ichuje ikauke, kisha ikaange kwa vijiko viwili vya mafuta mpaka iache kunata, ndipo vitunguu na nyanya vifuate. Ukianza na nyanya, omena inachemka badala ya kukaangika, na shombo linapiga hodi kwa majirani. Limau kidogo mwishoni, basi. Na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, hapo umepata protini na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kukupa hata ukilia.

Twende kwa mboga. Nani alituroga na hii sukuma ya kukatiwa? Mama mboga ana kisu kikali, anakata nyuzi nyembamba kuliko za cherehani, kazi nzuri kabisa. Ukifika nyumbani unazitia kwenye maji, unasugua, maji yanageuka kijani. Pamoja na kijani hicho unamwaga kwenye mtaro vitamini ulizolipia. Osha majani yakiwa mazima, yakung'ute, kisha ukate, tena mapana kidogo. Sukuma inahitaji dakika tano hadi saba motoni. Sisi tunaipika mpaka ikiri makosa.

Za kienyeji zina kero nyingine: kusinyaa. Managu yalifurika sufuria mpaka kifuniko kikakataa kukaa. Dakika kumi baadaye unafunua, unakuta ngumi moja imejikunyata chini. Hesabu mafungu mawili pale ulipodhani moja linatosha. Kwa uchungu wake, usiyachemshe na kumwaga maji mara tatu kama mtu anayefuta ushahidi. Changanya na kunde au mchicha, tia nusu kikombe cha maziwa, acha yachemke taratibu. Kule Uluhyani mrenda na likhubi, yaani majani ya kunde, waliozana zamani, na magadi ndiye mshenga, ila mshenga huyu hula sana. Kijiko kimoja cha chai ni kingi, robo inatosha kulainisha. Ukizidisha mboga inabaki na rangi ya bendera huku vitamini zake zimeshaaga. Mafuta usiyanyime kabisa, maana vitamini A ya majani haiingii mwilini bila mafuta. Vijiko viwili vya mezani kwa sufuria ya watu watano. Tatizo la mafuta ya kupima ya shilingi 20 ni kwamba mpishi hataki kubakiza, anamimina yote ili aoshe chupa.

Na chai. Umekula mboga zenye madini ya chuma, kabla hujameza tonge la mwisho unashushia na chai nzito, nayo inayazuia yale madini kuingia. Ngoja saa moja. Kula pera au chungwa badala yake, hayo ndiyo rafiki wa chuma, na mapera huku magharibi yanaoza chini ya miti. Sukari sitaki hata kuigusia. Tumezungukwa na miwa, basi mtu anaona kutia chini ya vijiko vinne ni kuwatukana wakulima.

Unga je? Wa pakiti umeongezwa vitamini, ndiyo sheria tangu 2012, lakini pumba na kiini vimeondolewa. Wa posho, ule wa kusagisha mashineni, una vyote viwili ila hakuna aliyeuongezea kitu, na mafuta ya kile kiini huufanya uchache upesi. Kwa hiyo saga gorogoro moja au mawili, si gunia. Changanya mahindi matatu kwa mtama mmoja. Ukianza na nusu kwa nusu watoto wataandamana. Mahindi yenyewe yapime kwa chumvi: chupa kavu, konzi ya mahindi, vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, na kwenye unyevu ndiko ukungu unakozaa sumukuvu. Usijidanganye kwamba moto wa ugali utaiua. Hauiui.

Yamebaki maharagwe, na hapa mwizi anaitwa makaa. Gorogoro la maharagwe ni rahisi, ila mikebe ya makaa ya kuyaivisha inaweza kula pesa ya kesho. Yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine. Yachemshe kwa nguvu, yatokote hasa, dakika kumi bila mzaha, kwani maharagwe mekundu yana sumu isiyokufa kwa moto wa uvuguvugu. Nyanya na limau vikae mbali mpaka yalainike, maana uchachu huyafanya magumu. Yakishatokota hivyo, ongeza dakika kama ishirini, halafu zima jiko kabisa na uifungie sufuria, kifuniko juu, kwenye kikapu kilichosheheni nguo kuukuu au blanketi: chini, ubavuni na juu. Yatajiivisha humo saa tatu hadi nne bila senti. Kisha yachemshe tena kabla ya kula.

Kikapu hiki kina adui mmoja tu, naye ni binadamu. Mama mkwe anapita, anafunua aone kama kweli yanapikika bila moto. Anafunika. Mtoto anatoka shule, anafunua anuse. Jirani amekuja kuazima chumvi, anaambiwa kuna muujiza, anafunua. Kila kifuniko kikiinuka, mvuke unaenda zake mtaa wa Mamboleo. Saa nne zinakwisha, unatoa punje moja, unauma, inalia kama kokoto. Na hao hao watatu wanakutazama, wanatikisa vichwa: "Si tulisema vitu vya kikapu haviivi?"