The Thing ya 2011: dude la kweli walikuwa nalo, wakalifunika na kompyuta

Juzi kwenye grupu la WhatsApp dogo mmoja kaulizia muvi ya kutisha ya wikendi, jamaa akamjibu bila hata aibu, "cheki The Thing, ile ya 2011, ya zamani achana nayo picha zimechoka." Picha zimechoka? Ile ya John Carpenter ya 1982? Aisee. Kwa asiyejua, zote mbili ni za dude la kutoka anga za juu linalojigeuza kuwa watu, kambini huko Antaktika.

Haya, tuongee. Madude mengi ya mule ndani aliyatengeneza kijana anaitwa Rob Bottin, miaka ishirini na kitu tu, ni mpira na waya na uterezi wa kila aina, alijichosha mpaka akaishia hospitali. Ndo tukapata ile sini daktari anamshtua mgonjwa kwa umeme, kabonyeza kifuani, kifua kikafunguka kama mdomo kikaondoka na mikono yake yote miwili. Bado hujakaa sawa, kichwa kinaanza kujivuta taratibuuu kinachomoka shingoni, kinadondoka sakafuni, kinajikokota kwa ulimi, kinaota miguu ya buibui kinajiondokea zake. Miaka 40 na ushee imepita na mimi nikifika hapo bado naangalia pembeni, kwa sababu kile kitu kilikuwepo chumbani, taa inakipiga, ute unadondoka mezani.

Sasa kinachoniuma kwenye hii ya 2011 sio kwamba hawakuwa na mafundi. Walikuwa nao! Jamaa wa Amalgamated Dynamics, kampuni ya kutengeneza madude ya muvi, walitengeneza madude ya kushikika kabisa, yakapelekwa seti, waigizaji wakaigiza nayo. Halafu wakubwa wakakaa wakaona hapana, tuyapake kompyuta juu. Video za nyuma ya kamera zipo YouTube, nenda ukaangalie halafu urudi uniambie kipi kinatisha. Ile sini ya sura mbili kuungana ikawa moja, ambayo ilitakiwa tusilale, kwenye muvi inateleza teleza tu kama gemu. Una nyama mezani unaenda kumpa mgeni picha ya nyama! Wale mafundi iliwauma mpaka baadaye wakachangisha hela mtandaoni watengeneze muvi yao, Harbinger Down, madude ya mkono.

Na ukishakuwa na dude la kompyuta unataka lionekane muda wote, si umelilipia. Kwa hiyo linakimbizana na watu kwenye korido. Ya Carpenter dude linajificha ndani ya mshkaji wako, MacReady, shujaa wa muvi, anachovya waya wa moto kwenye visahani vya damu ya kila mtu kimoja kimoja ajue nani ni dude, na wewe huku unabana pumzi.

Mengine sina hata hamu nayo. Wanorway wa kambini wote ndevu, anayekufa humjui ni nani. Chombo cha anga mwishoni, cha nini? Na eti hii sio marudio, ni hadithi ya kabla ya ile ya 1982, ila jina wamebeba lilelile herufi kwa herufi.

Haya basi nitoe haki, ile ya kukaguana meno ni akili. Dude haliwezi kuiga chuma, kwa hiyo Kate, mwanasayansi shujaa wa hii ya 2011, anamulika tochi midomoni, asiyekuwa na jino lililozibwa ndo wa kuogopwa. Hapo walinipata, dakika chache. Na yule mbwa na helikopta mwishoni sawa, vimeunganishwa vizuri na mwanzo wa ile ya 1982.

Najua kuna mtu atasema hata ya 1982 ilipondwa ilipotoka. Kweli ilipondwa, E.T., muvi ya kiumbe mpole wa anga, ndo ilikuwa inapeta majumbani mwa sinema, watu walitaka kiumbe cha kukumbatia. Lakini ile waliichukia kwa sababu iliwachefua. Hii imemchefua nani? Mdogo wangu kaiangalia yote huku anakula mishkaki, pale sura zinapoungana akaomba pilipili.