Mnunuzi hadharau kazi ya mbao, haioni

Ukikaa na maseremala na wachongaji wanaouza mtandaoni, hukawii kulisikia lalamiko lao kuu: watu hawathamini kazi ya mkono. Fundi amekereza bakuli, amelipiga msasa, amelipaka mafuta na kusubiri likauke, amelipiga picha, kisha ameweka bei inayolingana na jasho lake. Ujumbe wa kwanza kuingia: "Mwisho ngapi?" Wa pili ni picha ya bakuli la kiwandani linalouzwa kwa robo ya bei hiyo, na chini yake swali: "Tofauti iko wapi?" Fundi anakasirika, hajibu, na jioni anawasimulia wenzake jinsi wateja wa siku hizi walivyo.

Nadhani swali hilo la pili linaonewa.

Lakini tuanze na fundi, maana hoja anazo. Kuuza mtandaoni ni kazi ya pili juu ya kazi ya kwanza: kupiga picha, kujibu ujumbe usiku, kufunga mzigo, kufuatilia kifurushi kilichokwama njiani. Hakuna anayemlipa kwa saa hizo. Usafirishaji nao una hesabu zake. Kampuni nyingi za vifurushi vya ndege hazitazami uzito wa mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000, na jibu likizidi kilo halisi ndilo linalolipiwa. Bakuli lisilofika hata kilo moja, likiwekwa kwenye boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 20 ili lisivunjike, linalipiwa kama mzigo wa kilo 6.4. Maana yake mteja analipia hewa iliyomo ndani ya bakuli, na lawama zinamwangukia fundi.

Halafu kuna masoko yenyewe. Etsy, soko la mtandaoni lililoanza mwaka 2005 kama kimbilio la watu wa kazi za mikono, lilipandisha kamisheni yake kutoka asilimia 3.5 hadi 5 mwaka 2018, kisha hadi 6.5 mwezi Aprili 2022, na baadhi ya wauzaji wakafunga maduka yao kwa wiki nzima kupinga. Mauzo yaliyoletwa na matangazo ya soko hilo nje ya tovuti yake hukatwa asilimia 12 hadi 15 zaidi. Jumlisha mashine zinazoongozwa na kompyuta, ambazo zinachonga nakshi kwa dakika chache, na watu wanaonakili muundo wa mwenzao wiki ileile alipouweka hadharani, na utaelewa kwa nini fundi yuko tayari kuamini kwamba dunia nzima imeungana dhidi yake.

Yote hayo ni kweli. Ila hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha kwamba mnunuzi hathamini. Kamisheni ni shauri la soko, boksi ni shauri la msafirishaji. Mnunuzi ametwishwa kesi isiyo yake.

Ushahidi uliopo kuhusu mnunuzi unaelekea upande mwingine. Mwaka 2015 watafiti watatu wa masoko, Christoph Fuchs, Martin Schreier na Stijn van Osselaer, walichapisha majaribio ambamo watu walioneshwa bidhaa na kuambiwa kwamba zimetengenezwa kwa mkono au kwa mashine. Ile ya mkono ilivutia zaidi. Sehemu kubwa ya sababu ni kwamba watu waliona ndani yake kuna upendo, ule wa mtengenezaji kwa kazi yake. Hivyo ni jina la "kazi ya mkono" lenyewe, hata kabla ya kugusa chochote, lililoongeza thamani.

Hapo ndipo wengi huishia kusoma, na ndipo penye utamu. Watafiti haohao waligundua kwamba mvuto huo hutegemea anayenunuliwa zawadi ni nani. Mtu akimnunulia zawadi anayempenda, kazi ya mkono inapanda. Akimnunulia mtu wa mbali, mvuto unafifia. Na anapotafuta zawadi ya kuonyesha upendo yuko tayari kulipa zaidi kwa ajili ya mkono wa fundi, kuliko anapotafuta kitu chenye utendaji bora kuliko vyote.

Itazame kwa utulivu. Ina maana ubao uleule wa kukatia, wa fundi yuleyule, kwa bei ileile, ni ghali asubuhi na ni wa haki jioni, kutegemea mtu ameingia dukani kutafuta nini. Anayetaka kifaa anaulinganisha na ubao wa plastiki, na ana haki, kwa sababu visu havitambui nani alipiga randa. Anayetaka zawadi ya ndoa ya dada yake haulinganishi na plastiki hata kidogo. Anaulinganisha na maua, na saa ya ukutani, na bahasha ya pesa. Fundi anayejitangaza kwa maneno "imara, ya kudumu, bei nafuu" amejipeleka mwenyewe kwenye mashindano ya vifaa, ambako kiwanda kinamsubiri. Kisha anashangaa kwa nini wanaofika wanauliza bei ya mwisho.

Tahadhari moja: mnunuzi wa zawadi ana msimu, anataka mzigo ufike kabla ya siku fulani, na mara nyingi harudi, kwa sababu dada haolewi kila mwaka. Anayenunua kwa ajili ya nyumba yake ndiye anayerudi kuchukua kijiko kinacholandana na bakuli. Duka lisilo na huyu wa pili huwa na njaa katikati ya mwaka.

Turudi kwa yule aliyeuliza tofauti iko wapi. Mwanauchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, hoja iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alisema hivi: muuzaji anapojua ubora wa kitu na mnunuzi asijue, mnunuzi mwenye akili atatoa bei ya kitu cha wastani kwa kila kitu, na wenye vitu vizuri watajitoa sokoni kwa sababu bei hiyo haiwalipi. Si lazima mnunuzi awe bahili. Inatosha awe hana namna ya kutofautisha.

Duka la mbao la mtandaoni ni gari lililotumika kwa sura nyingine. Mkononi, bakuli zuri hujieleza lenyewe: uzito wake, ukingo unavyopungua unene, harufu, kitako kinavyokaa mezani bila kuyumba. Kioo cha simu kinafuta vyote hivyo na kubakiza umbo na rangi, na umbo na rangi ndivyo vitu viwili ambavyo kiwanda huviiga bila taabu. Neno lililobaki kusaidia, "kazi ya mkono", nalo limechakaa. Oktoba 2013 Etsy ilianza kuwaruhusu wauzaji kutumia viwanda vya nje kwa idhini, na bidhaa hizo zikaendelea kukaa chini ya paa moja na za fundi anayefanya kila kitu mwenyewe. Mwaka 2024 ikalazimika kuweka lebo za kueleza kama kitu kimetengenezwa, kimebuniwa au kimetafutwa tu na muuzaji. Mnunuzi aliyewahi kulipia mkono akaletewa kiwanda hawezi kuitwa mdharau akiuliza. Asiyethamini haulizi, ananunua cha bei ya chini na kwenda zake.

Sasa soma tangazo la kawaida: "Bakuli zuri la mbao, kazi ya mkono, ubora wa juu. Karibuni sana." Hapo hakuna neno hata moja ambalo muuzaji wa bidhaa za kiwandani asingeweza kuliandika. Linganisha na hili: "Bakuli la msaji, kipande kimoja cha mti, halina gundi. Upana sentimita 24, kina sentimita 7. Ndani nimepiga msasa hadi namba 320. Nje, karibu na kitako, nimeacha alama za patasi, zinaonekana kwenye picha ya nne. Limepakwa mafuta ya kitani mara tatu. Lioshwe kwa mkono, lisilowekwe majini. Kuna kifundo kidogo ukingoni, kimekaza, hakipitishi maji." Hili la pili si tangazo tamu. Ni ushahidi. Na kila sentensi yake ingemgharimu muuzaji wa kiwandani uongo unaopimika kwa rula.

Kuna mafundi wanaolikataa wazo hili kwa sababu ninayoiheshimu. Wanasema kazi nzuri haipaswi kuwa na msemaji, na kwamba mtandao umewageuza mafundi kuwa waigizaji wa maisha yao. Wana ukoo wa heshima. Nchini Japani, Yanagi Soetsu na wenzake katika miaka ya 1920 walijenga harakati nzima juu ya uzuri wa vyombo vya kila siku vilivyotengenezwa na watu wasiojulikana majina, na mwaka 1936 wakafungua jumba la makumbusho la vyombo hivyo mjini Tokyo. Fundi asiyetaka kupiga picha uso wake kila wiki ana utamaduni mkubwa nyuma yake.

Lakini Yanagi alizungumzia vyombo ambavyo watu walivishika. Na kueleza kitu si kusimulia maisha. Kusema kweli, maduka mengi yamezidisha hadithi na kupunguza vipimo: utasoma aya tatu kuhusu babu aliyemrithisha fundi msumeno, na usijue kama rafu itaingia kwenye pengo la sentimita 60. Babu na apumzike. Mnunuzi anataka kuona upande wa chini, mahali rafu inaposhika ubao wa wima, na kama kiungo ni cha kupachika au ni misumari iliyofichwa kwa vumbi la mbao na gundi.

Hata suala la saa nyingi, ambalo mafundi hulitaja kama hoja ya mwisho, linaingia hapa. "Nimetumia saa 14" ni gharama ya fundi. Kwa mnunuzi si thamani mpaka zionekane zimekwenda wapi: droo inayofunguka bila kukwama, mistari ya mbao inayoendelea kutoka ubao hadi ubao kwenye kona. Zikiwa zimekwenda kurekebisha kosa la kupima, si juu yake.

Mbao pia ina tabia moja ambayo ukimya wa muuzaji huigeuza kuwa ugomvi. Haiachi kunywa na kutoa unyevu hata ikishakuwa meza. Hupungua na kutanuka kwa upana, ila kwa urefu wa nyuzi karibu haibadiliki, na kwenye mkato unaofuata duara za mti mabadiliko huwa kama mara mbili ya mkato unaozikata. Mbao iliyokaushwa kwenye hewa yenye unyevu ikipelekwa kwenye nyumba inayopashwa joto, ambako hushuka hadi unyevu wa asilimia 6 hadi 8, uso mpana wa meza unaweza kusinyaa milimita kadhaa. Kama fundi aliukaza kwenye fremu bila nafasi ya kucheza, utapasuka, na mnunuzi ataandika kwamba ametapeliwa. Kama aliacha nafasi na kueleza kwa nini, mnunuzi huyohuyo atawaonyesha wageni pengo lile kwa fahari. George Nakashima, seremala wa Marekani, aliacha nyufa wazi kwenye meza zake na kuzishikiza kwa vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo. Ufa ukawa sababu ya kununua.

Jina la mti nalo litajwe, na si kwa ajili ya sifa tu. Tangu Januari 2017 karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, ukiwemo mpingo, imo chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, inapovuka mipaka. Tangu Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao hizo zisizozidi kilo 10 kwa shehena zimepewa msamaha, ingawa nchi husika inaweza kuwa na masharti yake. Muuzaji anayeandika "mbao ngumu nyeusi" anamwacha mnunuzi wa ng'ambo akikisia kama mzigo utakamatwa forodhani. Anayeandika mpingo, na uzito wake, ameshajibu.

Siwezi kudai kwamba maelezo yatamgeuza kila mtu. Wapo wanaotaka bei ya chini tu, na kwa vitu fulani wana haki: kibanio cha nguo hakihitaji fundi. Fundi anayeuza mbao bapa, za mstatili, zilizopigwa msasa pande zote, anashindana na mashine pale hasa mashine inapojua zaidi, na hapo hata tangazo lenye vipimo vyote halimwokoi. Uamuzi huo hufanywa kwenye meza ya kazi, kabla ya picha kupigwa. Kwake yeye, kupunguza bei au kubadilisha anachotengeneza ni mashauri ya busara kuliko kulaumu wateja.

Kwa wengine, kazi ya kwanza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Fungua matangazo kumi ya mwisho uliyoyaweka, futa kila sentensi ambayo kiwanda kingeweza kuiandika bila kudanganya, uone zimebaki ngapi. Na yule aliyeuliza tofauti iko wapi, kama ujumbe wake bado haujajibiwa, mpigie picha ya kitako cha bakuli.